Maiti na Askari wa Kwanza Kufika

Miaka kadhaa iliyopita, alfajiri, nilipigiwa simu kwamba mwanafunzi wangu mmoja amekutwa amefariki katika chumba alichopanga. Nilifika kabla ya polisi. Walipokuja askari wawili, hawakumzuia mtu kuingia wala hawakupiga picha. Walimfunga marehemu katika blanketi lake mwenyewe, wakachukua simu yake, kisha mmoja akaniuliza: “Mwalimu, huyu alikuwa na msongo wa mawazo?” Nilimwona akiandika kabla sijafungua kinywa.

Jioni mama yake aliwasili kutoka kijijini. Hakutulaumu. Aliuliza jambo moja tu: “Mwalimu, mwanangu mlimkuta amelala vipi?” Nilijitahidi kukumbuka. Kila jirani alikumbuka vingine, na karatasi ya askari haikusema lolote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma sheria kwa macho ya mama yule. Hapa Kenya, kifungu cha 386 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinamtaka afisa wa polisi, apatapo habari za kifo cha kutiliwa shaka, amjulishe hakimu wa karibu, aende palipo na maiti, achunguze, na aandike majeraha, mivunjiko na michubuko aliyoiona. Hayo ni madaraka makubwa kuliko yanavyodhaniwa. Hakimu atakayechunguza chanzo cha kifo hakuwapo; yeye huletewa karatasi. Kilichofutwa kwa viatu vya watu asubuhi ile hakirejeshwi na kiapo chochote mahakamani.

Tumeliona hilo katika mambo makubwa. Padri John Kaiser alikutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha mwezi Agosti 2000. Wapelelezi wa FBI kutoka Marekani walielekea kwenye dhana ya kujiua. Mwaka 2007 hakimu aliikataa dhana hiyo akatamka kwamba padri aliuawa. Lakini kwa ushahidi uliokuwa mbele yake, hakuweza kuwataja wauaji.

Na itakuwaje pale mshukiwa anapokuwa askari mwenyewe? Kifungu cha 387 kinaagiza hakimu achunguze kifo cha aliyekuwa mikononi mwa polisi, na sheria ya mwaka 2011 iliunda IPOA ili ichunguze vifo vinavyoshukiwa kusababishwa na polisi. Hata hivyo, wa kwanza kuifikia maiti ni yuleyule askari. Kesi ya ngedere tumempelekea nyani.

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguza Vifo, ili kazi hii ipate wataalamu wasio chini ya amri ya polisi. Miaka ikapita, sheria ipo kitabuni na huduma yenyewe haijaanza kazi.

Sisemi askari wale wawili walikuwa na nia mbaya. Huenda walikuwa wamechoka, na hakuna aliyewafunza. Lakini dola inayomiliki maiti ya mtoto wa mtu kwa saa chache inawiwa jibu na mzazi wake. Mama yule hakuomba haki kubwa. Aliomba kuambiwa mwanawe alilala vipi, nami, mwalimu wa chuo kikuu, nikainamisha kichwa.