Hati ya Kiapo Ukutani

Ukiingia kwenye duka la vifaa vya ofisi au karakana ya fundi mjini Johannesburg, angalia ukutani. Kwetu Tanzania utakuta leseni ya biashara, cheti cha mlipakodi na picha ya Rais. Huku kuna karatasi moja zaidi, inayotaja ngazi ya biashara hiyo, kuanzia ya 1 iliyo juu kabisa hadi ya 8. Ngazi hupimwa kwa namna watu weusi walivyoingia kwenye umiliki, uongozi, mafunzo na manunuzi. Sheria yenyewe, ya kuwawezesha watu weusi kiuchumi, ni ya mwaka 2003, na wenyeji huitaja kwa herufi tu, BEE, kama sisi tunavyosema TRA.

Huko Orlando West, Soweto, mama mmoja anayeshona sare za shule alinionyesha ya kwake. Ni hati ya kiapo. Mwenye mauzo yasiyozidi randi milioni 10 kwa mwaka halazimiki kumlipa mkaguzi. Anajaza fomu na kwenda nayo kituo cha polisi. Niliongozana naye siku ya kuihuisha, maana hudumu miezi 12 tu. Kaunta ilikuwa ndefu, ya mbao iliyochakaa. Mbele yetu kijana alikuwa akithibitisha nakala za vyeti vyake vya shule. Askari alimuuliza mama kama anayaelewa aliyoyaandika na kama kiapo kinamfunga. Akatia sahihi mbele yake, muhuri ukagongwa, na hakudaiwa hata senti. Kwa kuwa karakana ni yake kwa asilimia 100, akatoka akiwa ngazi ya 1. Ingekuwa asilimia 51, angekuwa ya 2.

Nilikumbuka vikundi vya akina mama kwetu vinavyoomba mkopo wa halmashauri, wanavyozunguka kutoka kwa mtendaji wa kata hadi kwa afisa maendeleo ya jamii, wakirudishwa kwa ajili ya barua moja iliyokosekana. Huku serikali inaanza kwa kumwamini mtu, kisha inamtisha kwa jela akidanganya. Kumweka mweusi mbele kama kivuli huku mali ikibaki kwa mwingine ni kosa la jinai tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2013.

Fomu ile ina maelezo ya nani anahesabika kuwa mweusi, nami niliyasoma mara mbili. Wamo Waafrika, Machotara na Wahindi, mradi wawe raia kwa kuzaliwa au kwa nasaba, au wawe walipata uraia kabla ya tarehe 27 Aprili 1994, au wangestahili kuupata wakati huo. Mtu wa Tanga akihamia leo na kupewa uraia, hahesabiki. Sheria haiangalii ngozi peke yake. Inamtafuta aliyedhulumiwa na utawala wa ubaguzi wa rangi. Mwaka 1963 wafanyabiashara Waafrika wa vitongoji kama Soweto walibanwa wasiwe na zaidi ya biashara moja kila mtu, tena ya mahitaji ya kila siku tu. Richard Maponya aliyekuja kujenga jumba kubwa la maduka Soweto, lililofunguliwa na Mandela mwaka 2007, alianza kabla ya hapo, katika mazingira ya vikwazo vya namna hiyo, akisambaza maziwa.

Sisi tulichagua njia nyingine. Mwaka 1961, bunge lilipojadili uraia, Nyerere alikataa katakata haki igawanywe kwa rangi. Ndiyo maana upendeleo wetu unataja wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa kwao bila riba, 4 kwa 4 kwa 2, na asilimia 30 ya manunuzi ya umma imetengwa kwa makundi maalumu. Bado naona Nyerere alikuwa sahihi kwa nchi yetu. Lakini nikiwa Soweto sikuweza kusema njia hiyo ingetosha huku, mahali ambapo rangi ndiyo iliyoandikwa kwenye sheria za kunyang'anya.

Ngazi ya 1 humsaidia yule mama mshonaji kwenye zabuni za serikali. Kwa zile zisizozidi randi milioni 50, alama 80 kati ya 100 ni za bei, na 20 ni za malengo kama hayo ya BEE. Alishinda kazi ya kushona sare za watoto wa familia maskini. Kanuni za hazina zinataka mzabuni alipwe ndani ya siku 30. Nilipomuuliza, alifungua kabati la chuma akatoa ankara yenye muhuri wa kupokelewa, ya miezi minne nyuma. Kitambaa alikuwa amekikopa, na mwenye kitambaa alishampigia simu asubuhi ile. Hapo hatukuhitaji kuelezana tofauti za nchi zetu. Nilimweleza habari za makandarasi wadogo wa kwetu wanaocheleweshewa malipo, naye akatikisa kichwa, akairudisha ankara kabatini na kurudi kwenye cherehani.