Gari la umeme, kimbunga na insulini ya mama

Leo naweka programu kando kidogo, ingawa zitarudi tu huko mbele.

Dadangu anaishi Tampa, Florida, pamoja na mama yetu. Mama ana kisukari na akiba ya insulini yake hukaa kwenye friji. Msimu wa vimbunga huko huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30. Dada ana gari la umeme, na swali aliloniuliza kwa simu lilikuwa fupi: "Kaka, stima ikipotea wiki nzima nitafanyaje?"

Si swali la mchezo. Kimbunga Milton kilipotua Florida Oktoba 9, 2024, zaidi ya wateja milioni 3 walikosa umeme. Wengi hudhani mwenye gari la umeme ndiye wa kwanza kukwama. Lakini kumbuka kwamba hata pampu ya petroli huhitaji umeme. Mimi naliona gari hilo kama tangi la maji: ukilijaza kabla mfereji haujakauka, uko sawa. Kwa hiyo tuliketi kupiga hesabu.

Kwanza, muda. Betri yake ni ya uniti 77 (uniti ni ile ile kilowati-saa tunayonunua kwa tokeni). Soketi ya kawaida ya Marekani ina volti 120 na hulipa gari kama kilowati 1.4. Kutoka asilimia 30 hadi 100 ni uniti 54, yaani zaidi ya saa 38! Ukingoja mpaka upepo uanze, umechelewa. Siku za kawaida yeye huchaji hadi asilimia 80 ili betri idumu. Kimbunga kikitangazwa, anajaza yote, siku 3 kabla.

Pili, matumizi. Gari lake lina soketi ya kutoa umeme nje, kilowati 1.9. Friji hula kama uniti 1.5 kwa siku. Ongeza feni, taa, modemu na simu, pamoja na kile gari lenyewe linachokula likiwa limewashwa: tukaweka uniti 5 kwa siku. Nusu ya betri inatosha wiki nzima, na nusu nyingine inabaki ya safari. Kiyoyozi cha nyumba nzima, sahau. Vifaa vinaunganishwa kwa waya wa kurefusha moja kwa moja kutoka kwenye gari. Kurudisha umeme kwenye soketi ya ukutani bila swichi maalum ni hatari, kwani unaweza kumuua fundi anayetengeneza nyaya barabarani. Faida nyingine ni kwamba gari halitoi moshi. Baada ya kimbunga Laura kule Louisiana mwaka 2020, gesi ya jenereta iliua watu kadhaa majumbani mwao.

Tatu, na hapa ndipo nilipomkazia dada: maji ya bahari. Chumvi ikiingia kwenye betri inaweza kuleta shoti, na moto ukazuka hata siku nyingi baadaye, kama ilivyotokea Florida baada ya kimbunga Ian mwaka 2022. Hivyo gari lihamishwe mahali pa juu mapema. Likizama, lisiwashwe wala kuchajiwa, na likae angalau mita 15 mbali na nyumba. Wakiamriwa kuhama, wahame, na insulini iende na mama kwenye kiboksi cha baridi.

Sasa, zile programu. Septemba 2017, kimbunga Irma kikija, Tesla iliwafungulia kwa muda baadhi ya wateja wa Florida nguvu zaidi ya betri. Magari yale yalikuwa yamebeba betri ya uniti 75, lakini programu iliyafungia 60. Wengi walishukuru. Mimi kama mwandishi wa programu nilijiuliza: ni nani mwingine anashika ufunguo wa tangi langu? Ndiyo maana nilimwambia dada ajaribu kila kitu sasa, jua likiwaka: achomeke friji kwenye gari usiku mmoja, asome asilimia asubuhi.

Alifanya hivyo Jumamosi. Asubuhi betri ilikuwa imeshuka kwa asilimia 3, na friji ilikuwa baridi. Mama alitaka tu kujua kama gari bado litampeleka kanisani.