Kitanda cha Juu

Kabini ya meli ya utalii ni ya hatua chache tu. Vitanda viwili vya chini huunganishwa au kutenganishwa. Vingine hushushwa kutoka ukutani, na ngazi yake. Mtoto, hata anayenyonya, huhesabiwa kama abiria kamili, kwa sababu kila roho lazima iwe na nafasi kwenye mashua ya kuokolea.

Tuliposafiri kutoka Miami na mapacha wetu wa miaka miwili, kabini ya watu watano ingetutosha. Shida ilikuwa heshima. Mamangu, aliyetoka Kakamega kunisaidia kulea, hawezi kulala chumba kimoja na mkwewe. “Heri nilale na mizigo,” alisema.

Tukalipia kabini mbili zinazotazamana. Baba watoto akakoroma peke yake kwa raha. Kwetu, tuliunganisha vitanda vya chini, tukavisukuma hadi ukutani. Watoto ndani, Mama ukingoni. Mimi nikapanda juu.

Usiku wa tatu nikamsikia akiwanong’onezea wajukuu habari za marehemu baba, mambo ambayo mimi sijawahi kuambiwa. Nikabana pumzi, nisimkatize.