Matandiko ya Chapo na Madondo

Najua mnangoja sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja. Wiki tatu hizi akili yangu imekuwa kwa simbilisi wawili, wale wanyama wadogo ambao wengi wetu huwaita ginipigi. Mpwa wangu alienda shule ya bweni akaniachia katika chumba changu kimoja hapa Nairobi. “Mjomba, nikirudi niwakute wote wawili,” akasema.

Nilianza na unga wa mbao. Fundi wa mtaani aliniuzia gunia kwa shilingi 50, linanukia saipresi vizuri sana. Siku ya nne Madondo akaanza kupiga chafya, kisha akaisusia sukuma wiki. Simbilisi akikataa chakula, jua mambo yameharibika. Mimi na digrii yangu nikatoa vidonge vya amoksilini vilivyobaki droweni, nikaanza kukadiria dozi. Bahati nzuri nilimpigia daktari wa mifugo kwanza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia dawa za jamii ya penisilini huvuruga bakteria wa tumbo la simbilisi na zinaweza kumuua. “Mlete. Na huo unga umwage leo.”

Alinieleza kwamba vumbi laini huingia kwenye mapafu, na mbao zenye harufu kali huwasha njia ya hewa. Mkojo ukikaa hutoa amonia, ambayo huwasha zaidi. Maranda makubwa yasiyo na vumbi wala dawa ya mchwa yangefaa, lakini fundi wangu huranda kila mbao inayoletwa, na hawezi kukuambia gunia lina nini.

Madondo akapewa dawa inayomfaa, nami nikaanza majaribio kama ninavyotafuta hitilafu kwenye programu: badilisha kitu kimoja, ngoja, angalia. Magazeti ni ya bure lakini hulowa haraka, na nyayo za simbilisi hazina manyoya, hivyo akikaa kwenye majimaji hupata vidonda. Nyasi kavu peke yake? Wanazila, na zilizobaki huota ukungu.

Nikanunua blanketi mbili za flisi Gikomba, shilingi 200 kila moja, nikaweka taulo kuukuu chini yake. Usiku wa kwanza mkojo ulisimama juu kama maji kwenye jani la nduma! Nikamlaumu muuzaji. Kumbe kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimefua kwa ile dawa ya kulainisha nguo, ambayo huzuia maji kupenya. Nikafua tena mara tatu kwa maji moto na sabuni kidogo tu. Sasa mkojo unapita hadi kwenye taulo, na juu pako pakavu.

Unga ungenila kama shilingi 200 kwa mwezi, kwa hiyo blanketi zitajilipa mapema. Ambacho sikukihesabu ni mikono yangu: kufua kwa beseni kila siku ya tatu, na mtaani kwetu maji huja mara mbili kwa wiki. Nimepunguza kazi kwa kutandika magazeti kwenye kona ya nyasi, maana hupenda kukojoa pale pale wanapokula. Hayo nayabadilisha kila asubuhi kabla ya kazi.

Madondo anapumua vizuri na sukuma wiki hamwachii tena Chapo. Mpwa wangu anakuja Ijumaa. Blanketi ya pili bado iko kwenye kamba, na mawingu yameanza kufunga.