Kibaba Hakipokei Pishi



Vijana wetu wengi hapa Uingereza huanzia kazi katika nyumba za kulelea wazee. Siku ya kwanza huketishwa chumbani tangu asubuhi hadi jioni, wakafunzwa habari za moto, dawa na namna ya kumnyanyua mgonjwa, yote kwa mkupuo mmoja. Jioni hutia sahihi kwamba wamefahamu. Sisi tuliosomesha miaka mingi twajua kuwa sahihi si ufahamu. Atakayeanguka ni mzee wa watu, na mgongo utakaoumia ni wa kijana wetu.

Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba tulilolihifadhi hupotea upesi zaidi katika saa za mwanzo. Mwaka 1978 Alan Baddeley na D. J. A. Longman walieleza jinsi wafanyakazi wa posta ya Uingereza walivyofunzwa kupiga taipu. Waliojifunza saa 1 kwa siku walihitaji jumla ya saa chache kuliko waliojifunza saa 4 kwa siku. Ajabu ni kwamba hao wa saa 1 ndio walioridhika kidogo kuliko wote, kwa kuwa siku zao zilikuwa nyingi. Kumbe haraka ya mwanafunzi si kipimo cha somo.

Kwetu sisi hili si geni. Qur'ani Tukufu iliteremshwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka 23. Naye Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwachagulia masahaba siku za mawaidha, akichelea wasichoke. Chuoni nako, hatukuongezewa aya mpya kabla ya kudurusu za jana.

Basi nyinyi mliopandishwa vyeo mkapewa kuwafunza wageni, ligaweni somo. Elezeni jambo moja kwa dakika chache, kisha mikono yao ilifanye mbele yenu. Mapumziko yaangukie wakati wa Adhuhuri. Kesho yake, waulizeni la jana kabla ya kuleta la leo. Mwajiri akisema muda hautoshi, mwelezeni kwamba kibaba hakipokei pishi. Linalozidi humwagika, na muda wake umekwisha kulipiwa.

Nanyi vijana, msitie sahihi msilolifahamu. Ombeni mwonyeshwe tena. Kuuliza si ujinga.

Wabillahi tawfiq.