Simba na Ndovu, Nani Zaidi?

Msomaji mpenzi, ulipokuwa mtoto mlibishania nini? Kwetu Kericho, mama zetu wakichuma majani chai, sisi tulikaa kando ya barabara ya shamba tukipiganisha wanyama kwa maneno. Mimi nilikuwa upande wa ndovu. Dume la tani tano si mchezo. Simba akiliona hujiondokea polepole. Lakini rafiki yangu mmoja hakukubali katu. Alilia, akanirushia udongo.

Jioni nyanya akaniuliza, "Kwani hujui yeye ni wa Talai?" Koo nyingi za Wakipsigis zina mnyama wake, na wa Talai ni simba. Akanieleza kwamba mwaka wa 1934 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya kuwahamisha Talai wote, wazee kwa watoto, hadi Gwassi karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Babu ya rafiki yangu alihamishwa angali mtoto.

Kesho yake nilimkuta akinisubiri na hoja mpya: je, simba wakiwa wawili?

Nikamwambia wawili wanamweza. Uongo mtupu, msomaji. Dume la ndovu haliwezwi na simba wawili.