Punda Hasemi Kwamba Anaumwa

Wiki hii naweka pembeni chanjo ya kideri na minyoo ya mbuzi. Naomba tuzungumze kuhusu punda, nikianza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa kata moja wilayani Kishapu, Shinyanga. Nilikuwa nimetoka chuo na stashahada yangu, kichwa kimejaa mambo ya ng'ombe. Kulikuwa na mayu mmoja, kama tunavyowaita kina mama huku Usukumani, mwenye ng'ombe sita, mbuzi kadhaa na punda jike mmoja. Kila nilipofika kwake nilichanja ng'ombe, nikawapa mbuzi dawa, nikanywa uji, nikaondoka. Punda alikuwa amefungwa chini ya mkwaju, kimya. Kwenye daftari niliandika "punda 1", basi.

Siku moja binti yake wa darasa la sita akaniuliza, "Dokta, na huyu humpimi?" Nikamjibu, "Huyu hana shida." Sikuwa hata nimemtazama.

Miezi miwili baadaye, kiangazi kikiwa kikali, punda yule alianguka njiani akitoka lambo na madumu manne ya lita 20. Nikaitwa. Nilipoinua gunia lililokuwa mgongoni, harufu ilinirudisha nyuma. Kidonda kilikuwa kimekula nyama mpaka karibu na mfupa, kimepakwa oili chafu ya pikipiki, na ndani mna funza. Nilifanya nilichoweza. Siku ya tatu akafa.

Wiki iliyofuata nilimkuta yule binti njiani saa tatu asubuhi, ndoo kichwani, wenzake wakiwa darasani. "Shikamoo dokta," akanisalimia, akapita. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tumezoea kusema shukrani ya punda ni mateke. Mimi nilijifunza kinyume chake: punda ni mvumilivu kupita kiasi. Kwa asili yake huficha maumivu, kwa sababu porini mnyama anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Kwa hiyo ukimya wa punda si dalili ya afya. Ukiona amejitenga, amesusa majani au ameinamisha kichwa muda mrefu, jua ameanza kuumwa siku nyingi.

Tena kumpata mwingine si rahisi. Punda hubeba mimba takriban miezi 12, kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, na huyo hafai kubebeshwa mizigo kabla ya miaka mitatu au minne. Ndiyo maana biashara ya ngozi za punda, zinazotengenezewa dawa ya Kichina iitwayo ejiao, ilituumiza. Hapa Shinyanga palikuwa na machinjio ya punda. Desemba 2021 Serikali ilisitisha uchinjaji wa punda kwa miaka 10, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kuisitisha biashara hiyo ya ngozi kwa miaka 15. Hatua hizo zinamkinga punda na kisu. Kidonda cha mgongoni ni juu yetu wenyewe.

Fanyeni haya:

1. Mzigo: punda wa kawaida akibeba mgongoni, madumu mawili ya lita 20 yanamtosha, moja kila upande. Yenye uzito zaidi ya hapo yapakieni kwenye mkokoteni.

2. Matandiko: tumieni blanketi kuukuu au gunia la katani lililojazwa nyasi laini. Yawe mawili, kulia na kushoto, uti wa mgongo ubaki wazi. Msitumie waya wala kamba nyembamba ya nailoni.

3. Kidonda: kisafisheni kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai kwa lita moja. Msipake oili chafu wala unga wa betri. Mpumzisheni mpaka apone kabisa.

4. Kwato: zikagueni na kuzisafisha kila jioni, mtoe mawe na miiba.

5. Maji: anywe kabla ya kazi na baada ya kazi. Kubeba maji siku nzima bila kuyanywa ni mateso, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Siku hizi nafanya kazi Geita, karibu na wachimbaji wadogo. Ninyi wa huku nawaongezea mawili: msiwanyweshe punda maji ya mialo ya kuoshea dhahabu, kwa sababu yanaweza kuwa na zebaki, na usiku msiwaache wazurure penye maduara yaliyoachwa bila kufunikwa.

Sasa nikifika kwenye mji wa mtu, naanza na punda kabla ya ng'ombe. Wengine hunicheka. Nawaacha wacheke, naondoa gunia, napitisha mkono mgongoni taratibu.

Fanya hivyo na wewe jioni ya leo. Ukikuta kidonda, mpigie afisa mifugo wa kata yako. Naye akikwambia punda hana shida, mwambie kwa heshima aondoe gunia kwanza.